Klachi ya Trekta la Zamani: Pima Nje Kabla ya Kulikata Kati

Trekta la zamani likishindwa kupandisha tela la mchanga, kila aliyesimama pale ana jibu moja: klachi imekwisha. Boneti haijaguswa, pedeli haijapimwa, lakini hukumu imeshatoka. Linakatwa kati, yaani injini inatenganishwa na gia boksi, siku mbili tatu zinapita, pesa ya pleti, ile sahani ya ndani ya klachi inayopitisha nguvu ya injini, inatoka, na likirudishwa pamoja ugonjwa uko palepale. Nimeyaona haya Mbagala, nimeyaona Chanika, na mara moja nimeyafanya kwa mikono yangu Kigamboni. Nitaisimulia hiyo mbele, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nianze kupima kwa utaratibu huu.

Matrekta ninayoyasema ni yale ya baba zetu: Massey Ferguson 135 na 165, Ford 3000 na 5000, na ndugu zao. Massey 135 liliundwa Coventry, Uingereza, tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi miaka ya 1970, na mengi yaliyofika kwetu yana injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda 3. Hapa Dar es Salaam ni machache yanayolima. Yanavuta maboza ya maji, yanabeba tofali na mchanga, na msimu wa mpunga ukifika mengine yanapelekwa Ruvu. Kazi ya kusimama na kuondoka kutwa nzima huichosha klachi kuliko plau, na unyevu wa pwani huleta kutu kwenye trekta lililolala.

Jua kwanza klachi yako ni ya aina gani

Kuna klachi ya pleti moja na kuna ya pleti mbili. Ya pleti moja ukikanyaga, kila kitu kinakatika kwa pamoja: magurudumu na shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha mashine zinazofungwa kwenye trekta. Ya pleti mbili ina hatua mbili. Ukikanyaga nusu, trekta linasimama lakini PTO inaendelea kuzunguka. Ukikanyaga hadi chini, PTO nayo inasimama. Kwenye Massey hizi pampu ya kunyanyulia mikono ya nyuma inaendeshwa na njia hiyohiyo ya PTO, kwa hiyo ukikanyaga hadi mwisho mikono hainyanyuki. Wapo madereva wanaolalamika kwamba haidroliki imekufa kumbe mguu wao uko chini kabisa.

Kujua ni rahisi. Ondoa shafti ya kuendeshea mashine, weka gia kwenye nyutro, vuta handibreki, washa injini, tia PTO, kisha kanyaga polepole huku mwenzako akitazama akiwa amesimama pembeni, mbali na shafti. Asiwe na kanga, kanzu wala shati lisilofungwa. Shafti ile haina huruma na nguo.

Aina ina maana kubwa, kwa sababu kwenye klachi ya pleti mbili pleti moja inaweza kuchoka peke yake. Trekta linavuta tela vizuri lakini mashine ya kukata nyasi inazubaa: usiitafute pleti kubwa, itazame ile ndogo ya PTO.

Muulize dereva kabla ya kushika spana

Muulize kwa upole, si kama askari. Tatizo lilianza ghafla au lilikuja polepole? Trekta lililala muda gani kabla ya hapo? Lilipita kwenye maji au tope refu? Kuna mtu aliyegusa marekebisho ya pedeli hivi karibuni? Halafu panda naye, mwache aendeshe, na utazame mguu wake wa kushoto. Dereva anayepumzisha mguu juu ya pedeli anaichoma klachi kila dakika bila kujua, na atakayebadilisha pleti bila kumwambia ataitwa tena.

Tatizo la ghafla mara nyingi ni kitu kilichovunjika, kulegea au kuganda. Linalokuja polepole ni kuchakaa au oili. Kwa hiyo majibu yake yanakuonyesha pa kuanzia.

Majaribio ya nje

*Je, inateleza?* Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanaichanganya klachi inayoteleza na injini isiyo na nguvu. Kwenye mlima sikiliza injini. Kama trekta linapungua mwendo huku injini inapanda resi, klachi inateleza. Kama injini nayo inazama pamoja na trekta, iache klachi kabisa: tazama filta ya dizeli, maji kwenye mafuta, filta ya hewa. Nimewahi kuitwa kwa "klachi mbovu" iliyopona kwa filta ya dizeli.

Ukitaka uhakika, simama mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta handibreki, kanyaga breki, tia gia ya juu kabisa, ongeza resi kidogo, achia pedeli taratibu. Injini inatakiwa izime. Ikiendelea kunguruma huku trekta limesimama, inateleza. Fanya hivi mara moja tu, sekunde chache. Kila ukirudia unaichoma zaidi.

*Je, inakata vizuri?* Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole bila kuongezwa resi, kanyaga hadi chini, hesabu hadi 5, kisha tia gia ya kurudi nyuma. Gia za matrekta haya hazina kitu cha kuzilinganisha mwendo kama gia za magari ya leo, kwa hiyo ukiingiza kwa haraka zitasaga tu hata klachi ikiwa mpya. Ukingoja na bado zinasaga, au trekta linataka kuondoka hali pedeli iko chini, klachi haikati.

*Kelele inatoka wapi?* Weka nyutro, injini iwake. Kelele inayoanza unapokanyaga pedeli kidogo tu, pale inapogusa, ni rilizi beringi, ile inayosukuma vidole vya klachi ukikanyaga. Kelele inayokuwepo mguu ukiwa juu na kupotea ukikanyaga ni ya ndani ya gia boksi, kwa kawaida beringi ya shafti inayoingiza nguvu. Na inayolia ukiwa umekanyaga hadi mwisho huku gia imeingia, trekta limesimama, mshuku yule beringi mdogo aliyekaa katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Majibu haya matatu yanaokoa pesa nyingi, kwa sababu kwa sikio kelele hizi zinafanana sana.

*Je, linatetemeka likiondoka?* Mtetemo huletwa na oili kwenye pleti, flaiwili iliyopinda kwa moto, au vidole vya presha pleti, ile inayoibana pleti kwenye flaiwili, visivyolingana. Lakini kwenye trekta injini yenyewe ndiyo fremu. Bolti za kuifunga kwenye gia boksi na za ekseli ya mbele zikilegea, mtetemo ni uleule. Zikaze kwanza.

Pedeli: dakika 10 zinazotibu mengi

Pedeli lazima iwe na uhuru, yaani safari fupi nyepesi kabla ya kugusa uzito wa springi. Bonyeza kwa mkono, si kwa mguu, na rula ikiwa pembeni. Kwa matrekta mengi ya ukubwa huu uhuru ni kati ya milimita 20 na 40 kwenye pedeli. Kitabu cha trekta lako ndicho chenye neno la mwisho, na baadhi ya matrekta kipimo kinachukuliwa kwenye mkono wa shafti pembeni ya nyumba ya klachi badala ya kwenye pedeli.

Uhuru ukiisha, rilizi beringi inakaa imebana vidole muda wote. Beringi inaungua na pleti inateleza ingawa bado ina maisha. Uhuru ukizidi, klachi haikati. Pleti inavyoliwa, uhuru unapungua wenyewe, kwa hiyo pedeli iliyobana haimaanishi uharibifu, inadai kurekebishwa. Legeza nati ya kufungia, zungusha kiungo cha fimbo hadi upate kipimo, kaza, pima tena. Lakini kama nyuzi za marekebisho zimefika mwisho na uhuru haupatikani, pleti imekwisha kweli.

Kisha tazama vyuma vyote kati ya pedeli na nyumba ya klachi. Pini zilizolika na matundu yaliyokuwa duara yakawa yai, kila kimoja kinakula milimita kadhaa, na zikijumlishwa klachi haikati tena.

Sasa ile ya Kigamboni. Lilikuwa 135 la kuvuta boza huko Kibada, gia zinasaga, pedeli ina uhuru sahihi. Nikasema pleti imeganda. Tukalikata kati juani, siku nzima. Pleti ilikuwa safi, flaiwili safi. Kosa lilikuwa nje: mkono uliofungwa kwenye ncha ya shafti ya klachi ulikuwa umekula kile kipande cha chuma kinachouzuia usizunguke, ukawa unazunguka kidogo bila kuipeleka shafti. Mwenye trekta alinilipa siku ile hakupaswa kunilipa, na nilimrudishia. Tangu hapo nachora mstari mmoja wa chaki unaopita juu ya mkono na ncha ya shafti, kisha mtu anakanyaga pedeli mimi natazama. Mstari ukikatika vipande viwili, ugonjwa uko hapo nje, hauhitaji kulikata kati.

Kama nyumba ya klachi ina kifuniko kidogo cha kuchungulia, kifungue na utazame kwa tochi, injini ikiwa imezimwa: foku, ule uma unaoisukuma rilizi beringi, inasogea? Beringi inafika kwenye vidole vyote kwa wakati mmoja? Kuna unga wa pleti au umande wa oili?

Oili: soma karatasi

Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu la kutolea maji na oili, mara nyingi lina pini ya kupasuka inayoning'inia ili tundu lisizibe. Kwa matrekta yanayotembea mchangani tundu hili huziba, na oili kidogo iliyovuja inakuwa bwawa linaloilowesha pleti. Lizibue, kisha lala na karatasi nyeupe ya boksi chini yake.

Asubuhi isome. Oili nyeusi nyembamba ni ya injini, sili ya nyuma ya kranki, shafti kuu ya injini, imechoka. Kwenye Perkins nyingi za zamani sili hiyo ni ya kamba iliyolazwa ndani ya vipande viwili vya chuma, na kuikalisha vizuri kunataka fundi mvumilivu. Oili ya rangi ya asali ni ya gia boksi, sili ya shafti ya kuingiza nguvu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili ya gia boksi, kwa kawaida kupitia kiatu cha raba kilichochanika kwenye gia liva. Imwage yote na uweke mpya, la sivyo utabadilisha na beringi.

Wapo wanaoosha pleti iliyolowa oili kwa petroli na kuirudisha. Mimi sikubali. Oili imeshanywewa ndani. Klachi ikipata moto inatoka tena, na kazi yote inarudi mwanzo.

Lililolala na kuganda

Trekta lililokaa masika nzima bila kuwashwa, halafu klachi haikati kabisa hali pedeli na fimbo ni nzima: pleti imeshikana na flaiwili kwa kutu. Hapa usikimbilie kulikata.

Anza na njia ya upole. Kanyaga pedeli hadi chini, iegemeze kwa ubao imara ibaki hivyo usiku kucha. Siku ya pili toa ubao, washa injini kwenye nyutro hadi nyumba ya klachi ipate joto, zima, rudisha ubao. Mara nyingi siku mbili tatu za hivi zinaiachia.

Ikikataa, tafuta uwanja mpana usio na watoto wala miti, na trekta jingine lenye chuma cha kuvutia, si kamba. Kabla ya kuvutwa hakikisha breki zinafanya kazi na mnajua mtakavyozima injini. Tia gia ya juu, kanyaga pedeli, mvutwe polepole hadi injini iwake. Mwenye kuvuta aachie njia, nawe ukiwa bado umekanyaga, ongeza na punguza resi kwa ghafla huku ukigusa breki. Utasikia mshtuko mmoja, na trekta litasimama injini ikiwaka. Kunyanyua magurudumu ya nyuma kwa jeki na kufanya hayo juu ya jeki siruhusu kwangu. Trekta likishuka likiwa kwenye gia, hakuna atakayelishika.

Kulikata kati

Ukifika hapa majaribio yamekwambia hakuna njia nyingine. Sakafu ya zege ni bora. Kwenye mchanga wetu laza mbao nene chini ya kila kitu, maana jeki ikizama upande mmoja shafti inabeba uzito na kupinda kitovu cha pleti.

Jambo la kwanza kabla ya bolti yoyote ni kabari. Ekseli ya mbele inachezea kwenye pini ya katikati, na injini ikitenganishwa na nyuma italala ubavu. Chonga kabari mbili za mbao ngumu, zipigilie kulia na kushoto kati ya ekseli na sehemu inayoibeba injini. Ziwe zimebana kabisa. Nyuma zuia magurudumu kwa magogo na uweke stendi imara chini ya gia boksi. Injini ishikwe na jeki ya magurudumu.

Toa betri kwanza. Kisha boneti, tenki la dizeli kama linazuia, waya za starta na dainamo, kebo ya mita, fimbo ya mafuta, kebo ya kuzimia, ekzosi kama inapita chini, na zile fimbo za usukani zinazokwenda mbele pande zote. Piga picha kwa simu kila hatua, na bolti zikae kwenye mkebe kwa jinsi zilivyotoka, maana hazina urefu sawa.

Toa bolti za kuzunguka nyumba ya klachi, mbili za ubavuni ziwe za mwisho. Vuta nusu ya mbele moja kwa moja, pengo likiwa sawa juu na chini. Pengo likifunguka juu tu, rekebisha jeki kabla hujavuta zaidi.

Ndani: tazama, usikisie

Unga ulioko mle usipulizwe kwa kompresa. Pleti za zamani nyingi zina asbestosi, na vumbi lake linaua mapafu polepole. Vaa barakoa, futa kwa kitambaa kilicholowa maji, kitambaa ukitie kwenye mfuko na kuufunga.

Tia alama ya patasi au rangi kati ya presha na flaiwili kabla ya kuifungua. Legeza bolti kidogo kidogo kwa msalaba. Kama ni klachi ya pleti mbili, usiivunje yenyewe juu ya meza. Springi zake zimekandamizwa kwa nguvu nyingi na zinahitaji bolti ndefu za kuzishikilia wakati wa kuifungua. Mpelekee fundi mwenye kifaa chake, na akurudishie vidole vikiwa na kimo kinacholingana kulingana na kitabu.

Pleti iangalie vichwa vya ribiti: vikikaribia uso, imekwisha, na vikigusa vimeshachora flaiwili. Springi za kitovu zisicheze. Ichomeke kwenye shafti. Iteleze bila kukwama na bila kuyumba. Flaiwili yenye madoa ya buluu na mistari myepesi inaweza kuchongwa kwa fundi wa kukereza. Yenye ufa wa kina itafutiwe nyingine. Chomeka kidole kwenye beringi mdogo wa katikati, mzungushe. Akikwaruza, toa.

Ukishafika humu, badilisha pleti, rilizi beringi, beringi mdogo wa flaiwili na sili zote mbili kwa pamoja, hata kama moja inaonekana nzuri. Sili ni bei ndogo. Kulikata trekta mara ya pili si bei ndogo.

Dukani

Nenda Gerezani au Kariakoo na pleti ya zamani mkononi, usiende na jina la trekta peke yake. Kwa umri huu mengi yameshafungwa klachi ya trekta jingine. Hesabu meno ya kitovu, pima kipenyo cha nje, linganisha unene na urefu wa kitovu kila upande, pleti moja juu ya nyingine pale kaunta. Spea nyingi zinatoka India, Pakistan na Uturuki, nchi ambako Massey za umbo hili ziliendelea kuundwa miaka mingi, na nyingi zinafanya kazi nzuri. Nikazie: pima kabla hujalipa.

Kuunganisha

Ili pleti ikae katikati unahitaji kilinganishio. Shafti kuukuu ya gia boksi kutoka kwa wauza vyuma chakavu ndiyo bora kuliko vyote. Ukikosa, mwambie fundi wa kukereza akutolee kipande cha mti mgumu kwa vipimo. Angalia pleti inatazama upande gani, maana ikigeuzwa kitovu kitagusa flaiwili na klachi haitakata. Futa uso wa flaiwili na presha ziwe kavu kabisa. Kwenye meno ya shafti paka grisi nyembamba kama ya kupaka ngozi, isizidi. Kaza bolti kwa msalaba, mizunguko michache kila moja.

Rudisha nusu ya mbele polepole. Shafti ikigonga meno bila kuingia, mtu azungushe feni au flaiwili taratibu. Kwa pleti mbili, tia PTO na uzungushe shafti ya nyuma kwa mkono. Nyumba mbili zinatakiwa zikutane kwa kusukumwa tu. Pengo likibaki, simama. Ukilivuta kwa bolti utapasua nyumba au kuikunja pleti mpya.

Likishafungwa, rekebisha uhuru wa pedeli kabla ya kuwasha, kisha rudia jaribio la kuhesabu hadi 5 na gia ya nyuma. Siku za kwanza lisipewe tela lililojaa. Pleti mpya inahitaji muda wa kukaa. Baada ya siku chache za kazi pima uhuru tena, kwa sababu utakuwa umebadilika. Kipimo ulichokipata kiandike kwa rangi nyeupe ndani ya madigadi pamoja na tarehe, dereva akione kila anapopanda.